Meno ya Kauri Yawekewe Sheria

Kuna biashara mpya ya uzuri inayobisha hodi katika visiwa vyetu, nayo haibishi mlangoni bali katika simu za vijana. Picha mbili huwekwa sambamba. Ya kwanza inaonyesha kinywa chenye meno ya manjano yaliyopishana. Ya pili inaonyesha kinywa kile kile, meno yakiwa meupe pe na yamejipanga kama punje za mahindi machanga. Chini yake pana nambari ya simu na ahadi kwamba kazi yote humalizika kwa siku chache. Kinachouzwa ni ganda jembamba la kauri linalogandishwa mbele ya jino, ambalo wataalamu huliita vinia. Sisi hatuna ugomvi na ganda hilo. Tunaamini kwamba ni moja kati ya kazi njema za udaktari wa meno, na kwamba wapo ndugu zetu wanaostahili kulipata hata kwa msaada wa Serikali. Ugomvi wetu ni na desturi ya kuliuza kama bangili, na tunawaomba wenye mamlaka wasisubiri mpaka desturi hiyo iote mizizi.

Asili ya kitu hiki si hospitali bali ni sinema. Katika miaka ya 1920 na 1930 daktari mmoja wa meno wa California, Charles Pincus, aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood maganda ya kuvaa mbele ya kamera. Mtoto Shirley Temple, ambaye filamu zake zilitazamwa dunia nzima wakati meno yake ya utotoni yakidondoka, alikuwa miongoni mwa waliovalishwa. Maganda hayo yalishikizwa kwa unga wa kunatisha meno ya bandia. Mwigizaji hakuweza kula nayo, na kazi ikisha aliyavua akayaweka katika kikasha. Hayakumdhuru, kwa sababu hakuna kilichokatwa.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1955, Michael Buonocore wa Rochester, New York, alipoonyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa juu ya jino kwa muda mfupi huacha vitundu vidogo mno, na kwamba gundi ya rezini ikiingia katika vitundu hivyo hushika sawasawa. Wazo lenyewe alilitoa viwandani, ambako asidi hiyo ilitumika kuandaa chuma kabla ya kupakwa rangi. Mwaka 1983 Simonsen na Calamia walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kauri nayo yaweza kutiwa asidi kali zaidi upande wake wa ndani ili ishikamane na rezini. Ndipo pambo la sinema likawa tiba. Na ndipo pia likaanza kudai sehemu ya jino lenyewe.

Hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo, kwa maana jambo zima limesimama juu ya nukta hii. Jino lina gamba la nje liitwalo enameli, na katika mwili wa mwanadamu hakuna kitu kigumu kuliko hicho. Lakini chembe hai zinazoijenga enameli hutoweka jino linapochomoza katika ufizi. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka huota; enameli ikiparwa imekwenda. Katika meno ya mbele unene wake ni kiasi cha milimita 1, nao hupungua sana karibu na ufizi. Ganda la kauri lina unene wa nusu milimita hivi. Ili likae bila kulifanya jino livimbe mbele kama shavu lililoficha halua, mara nyingi daktari hana budi kuparua enameli kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwenye ujuzi na subira hubaki ndani ya enameli, na kazi yake hudumu. Asiye nao hupita, akafika kwenye dentini iliyo chini yake, ambako gundi haishiki kwa uhakika ule ule. Jino huanza kusikia baridi na moto, na likizidi kuchimbwa, moyo wake hufa.

Kazi iliyofanywa vyema hudumu miaka 10 hadi 15, na nyingine zaidi. Basi kijana wa miaka 20 akivalishwa leo atarudi katika kiti cha daktari akiwa na miaka 35, kisha akiwa na 50, na akijaaliwa umri atarudi tena. Kila mara atalipa, na jino halitarudi kuwa kama lilivyokuwa. Katika picha mbili za simu habari hiyo haimo.

Wala haimo habari ya chanzo cha rangi. Rangi ya jino haina chanzo kimoja, na asiyeuliza chanzo hawezi kuchagua dawa. Sehemu kubwa ya meno yaliyobadilika rangi mjini na mashamba yamebadilika kwa nje tu: chai ya rangi, kahawa ya barazani, sigara, ugoro na tambuu. Hakuna mtu wa visiwa hivi asiyekijua kinywa cha mwenye uraibu. Jani, chokaa na popoo vikikutana, mate huwa mekundu, na kwa kadiri miaka inavyopita meno hugeuka hudhurungi hata kukaribia weusi. Rangi hiyo hukaa juu ya jino pamoja na ukoga, na daktari au tabibu wa meno huiondoa kwa kusafisha, bila ya kugusa enameli. Kuliparua jino la namna hiyo ili livikwe kauri ni sawa na kubomoa ukuta kwa sababu umeshika moshi.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko rangi. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba popoo, hata isipochanganywa na tumbaku, husababisha saratani. Mzee anayetaka meno meupe kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake, kabla ya jambo jingine lolote, anahitaji mtu wa kumtazama ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Muuza tabasamu hatazami huko.

Ipo rangi nyingine iliyo ndani ya jino, ambayo hakuna mswaki wala kusafisha kuwezako kuiondoa. Dawa ya tetrasaiklini, akipewa mtoto aliye chini ya miaka 8 au mama mjamzito katika nusu ya pili ya mimba, huungana na madini ya meno yanayojengeka na kuyaachia mistari ya manjano, ya kijivu au ya kahawia maisha yote. Haya yamejulikana kwa zaidi ya miaka 60. Kila duka la dawa linalouza kapsuli hizo bila cheti cha daktari, kwa mama asiyeulizwa hata umri wa mwanawe, linamtafutia mteja mwenye maganda.

Na ipo floridi. Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watasema hilo ni jambo la bara. Kweli, chimbuko lake ni huko, katika miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kuwa miligramu 1.5 za floridi katika lita moja ya maji ya kunywa. Mkoani Arusha ziko chemchemi na visima vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya huchomoza meno yenye mabaka meupe kama chaki, au ya kahawia, na mengine huwa na vishimo. Wenyeji wa Maji ya Chai na Usa River hawahitaji kuelezwa.

Lakini bahari haijazuia ndoa, masomo wala ajira. Wamo kati yetu walimu, askari, wauguzi na wafanyakazi wa hoteli waliokulia chini ya Meru na Kilimanjaro, na wamo watoto wa Unguja na Pemba waliolelewa huko na wazazi waliokuwa kazini. Magadi nayo, ambayo watu huyatumia kuivisha maharage na vyakula vigumu, huweza kuwa na floridi nyingi, na husafiri mbali na ziwa yalikotoka. Tumewaona vijana hawa. Akicheka hufunika kinywa kwa kiganja. Akipigwa picha hufumba midomo. Husemwa kuwa hapigi mswaki, naye huupiga asubuhi na jioni mpaka ufizi ukatoka damu, kwa kuwa amesadiki maneno ya watu. Huyu hana deni la usafi analodaiwa. Maji aliyopewa utotoni ndiyo yaliyomfanyia hayo, na maji ni dhamana ya serikali popote pale.

(Asije mtu akatoka hapa na kutupa dawa ya meno yenye floridi. Kiasi kidogo kinachopakwa juu ya jino huzuia kuoza. Kilichodhuru ni kingi kilichonywewa kila siku utotoni. Kwa mtoto mdogo, tone la ukubwa wa punje ya mchele latosha, naye afundishwe kutema.)

Kwa hiyo sisi hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kila anayetaka meno yake yatengenezwe ameingiwa na upuuzi wa kizungu. Uzuri wa meno haukuletwa na meli. Mwanya umesifiwa katika nyimbo za harusi za pwani tangu zamani, na bara yako makabila, Wamakonde wakiwamo, ambayo wazee wao walichonga meno yao ya mbele yakawa na ncha. Mwanadamu hujitazama, na hutazamwa.

Wako pia wanaouliza juu ya dini, na swali lao ni la haki katika visiwa ambavyo takriban watu wote ni Waislamu. Inajulikana kwamba imepokewa hadithi inayokataza kuchonga meno ili kuyaachanisha kwa ajili ya urembo, kwa kuwa ni kubadilisha maumbile. Lakini imepokewa pia habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikamharibikia, kisha Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Wanavyuoni wengi wamepambanua kati ya kuondoa dosari na kutafuta pambo. Kutoa fatwa si kazi ya ukurasa huu. Twasema tu kwamba mpaka huo walioupiga wanavyuoni unafanana mno na mpaka ambao sheria ya nchi ingepaswa kuupiga, na kwamba Ofisi ya Mufti na Wizara ya Afya wangefaidika wakiketi meza moja.

Maana hata kwa mwenye dosari ya kweli, kauri si hatua ya kwanza. Daktari mwaminifu hupanda ngazi kutoka chini. Husafisha. Pakihitajika hung'arisha kwa dawa ya peroksidi, ambayo hupausha rangi bila kuparua kitu, ingawa kwa madoa ya tetrasaiklini huenda ikachukua miezi. Kwa mabaka ya floridi yasiyo na kina husugua gamba la juu kabisa, unene usiofikia sehemu ya kumi ya milimita, kwa asidi dhaifu na unga laini, na mara nyingi baka hufifia hata likasahauliwa. Jino lililomeguka hulijaza kwa rezini yenye rangi ya jino, kwa gharama ndogo na katika kikao kimoja. Meno yaliyopishana huyavuta kwa nyaya, kazi ya mwaka mmoja au miwili, lakini mwisho wake meno yanabaki ya mwenyewe. Ganda la kauri huja baada ya hayo kushindwa, kwa jino lenye vishimo, kwa madoa mazito, kwa enameli iliyozaliwa na kasoro. Anayeanzia juu ya ngazi amevutwa na bei ya kitu, maana huko Marekani ganda moja mara nyingi hupita dola 1,000, na hapana msafishaji wa ukoga aliyewahi kulipwa hivyo.

Yaliyotokea kwa wenzetu yatuonye. Vijana wengi wa Uingereza, wakikimbia bei za kwao, wamekuwa wakipanda ndege kwenda Uturuki kutafuta maganda ya bei nafuu. Baadhi yao waligundua baadaye kwamba hawakuwekewa maganda hata kidogo: meno yao mazima yalikuwa yamesagwa pande zote yakabaki vijiti, kisha yakavikwa kofia nzima. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimetoa onyo zaidi ya mara moja, kwa kuwa waliorudi na maumivu na usaha huishia katika viti vya madaktari wa nyumbani. Huko Marekani nako wamezuka watu wasio na leseni, wanaojiita mafundi wa vinia, waliojifunza kwa siku chache na kugandisha meno ya watu hotelini na majumbani. Baadhi yao wametiwa mbaroni. Iwapo nchi zenye madaktari tele zimefikwa na hayo, visiwa vyetu vijiulize. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani inataja madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000 katika kanda yake ya Afrika, ilhali wastani wa dunia ni 32.8. Pengo hilo ndilo shamba la matapeli.

Sasa tuseme na Serikali. Sheria itamke wazi kwamba kuparua, kutia asidi au kugandisha kitu chochote cha kudumu juu ya jino la mtu ni kazi ya aliyesajiliwa, na kwamba saluni, nyumba ya wageni na fundi wa kusafiri hawana ruhusa hiyo hata mteja akiridhia. Kabla ya enameli kuguswa, mgonjwa apewe karatasi kwa Kiswahili chepesi, imweleze kiasi kitakachoondolewa, njia nyingine zilizopo, muda ambao kauri itadumu, na gharama ya kuibadilisha. Aende nayo nyumbani, arudi siku nyingine kutia sahihi. Aliye chini ya miaka 18 asiparuliwe kwa ajili ya urembo kabisa. Bandarini na uwanja wa ndege, gundi na asidi za kazi hii ziingie kwa jina la kliniki iliyosajiliwa, kama ziingiavyo dawa. Hakuna katika haya linalohitaji fedha nyingi, linahitajika azimio.

Linalohitaji fedha ni jingine, na tunajua litazua mjadala. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, uandike bila utata kwamba kurekebisha jino lililoharibiwa na floridi, na tetrasaiklini, na ajali au na kasoro ya kuzaliwa ni matibabu. Kwa wengi kati yao rezini itatosha, na kwa wachache itabidi kauri. Mtu wa kuamua awe daktari, si mkaguzi wa hesabu. Urembo mtupu usilipiwe hata shilingi. Mheshimiwa atakaye kung'arisha tabasamu lake kabla ya uchaguzi, hilo ni shauri lake na mfuko wake.

Tutaambiwa kwamba watu hawana hata daktari wa kuwaziba meno, sembuse kauri. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuikwepi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floridi, saruji ya ayonoma ya kioo inayozibia meno, na dawa ya fedha na floridi inayosimamisha kuoza. Vitu hivi ni rahisi. Viwili vya mwisho tabibu anaweza kuvitumia katika kituo kisicho na umeme, Micheweni au Makunduchi. Skuli ambayo watoto wake wanauziwa maji matamu na pipi langoni wakati wa mapumziko inatengeneza meno ya kung'olewa kila siku. Kuziba kwanza, kuhifadhi kwanza: hatupingi. Lakini msichana aliyekulia Usa River na anayeficha kinywa chake mapokezini mwa hoteli ya Nungwi asiambiwe asubiri mpaka kila gego la kisiwa lizibwe. Huyo hahitaji mashine mpya. Anahitaji daktari wa Mnazi Mmoja mwenye unga laini, rezini ya rangi ya jino, taa ya kuikausha, na saa moja ya subira.

Chuo cha Muhimbili kimefundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979, na wamo Wazanzibari miongoni mwao. Wako wapi leo, wangapi wako Pemba, na wana vifaa gani? Mafundi wa maabara wanaotengeneza meno ya bandia ni wangapi, na wanafunzi wangapi wamepelekwa kusomea kazi hiyo? Waheshimiwa Wawakilishi wanapoketi Chukwani kwa bajeti ya Wizara ya Afya, tunawaomba waulize maswali haya kwa idadi, na waongeze moja: katika hospitali na vituo vya Unguja na Pemba mwaka uliopita, ni meno mangapi yaliyong'olewa ambayo yangeweza kuzibwa?